Barua ya Saa Kumi

Ogle alikuwa amelala ndani ya gari miaka mingi kuliko aliyolala ndani ya nyumba, na hakuona haya kulisema. Alianza na malori ya mbuzi akiwa na ndevu mbili tatu, yakaja matangi ya maji, yakaja magari ya serikali, na mwaka huo wa tisini na saba, akiwa na miaka hamsini na minane, aliendesha gari ambalo watoto wa Garissa walilikimbilia kulishangaa. Lilikuwa lori kuukuu ambalo mafundi walilikata mgongo wakalijengea chumba: vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi, meza iliyokazwa kwa skrubu, dirisha lenye pazia la maua. Watu wa njiani waliliita aqal ya magurudumu. Aqal ni ile nyumba ya mfugaji inayovunjwa ikapakiwa juu ya ngamia, na hili lilikuwa hilo hilo, ila ngamia wake alikunywa dizeli.

Mwenye kazi alikuwa Abdinoor, injinia wa maji, mtoto wa Garissa, miaka thelathini na kitu. Shirika lilimtuma apime kila kisima na kila lambo kutoka mto Tana hadi mpaka wa Mandera, na njia yote hiyo hakuna hoteli, ndiyo maana wakapewa nyumba inayotembea.

Lakini kilichowashangaza watu zaidi ni kile kilichokaa juu ya meza. Kulikuwa na redio, na redio ilifungwa kwa waya kwenye kompyuta ya kukunja. Mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, popote walipokuwa, Ogle alisimamisha gari chini ya mti ulioizidi mingine urefu, akafunga jiwe kwenye ncha ya waya wa eriali, akalirusha juu ya matawi. Waya usipopanda, hakuna kitu. Ukipanda, mashine ililia kama mwanambuzi aliyebanwa na mlango, ikatulia, ikalia tena, na barua zikaingia.

"Hii ndiyo intaneti, adeer," Abdinoor alimwambia siku ya kwanza, kwa heshima ile ya kijana kumwita mzee baba mdogo.

"Intaneti ni hiki kilio?"

"Barua inapanda hadi Nairobi, inavuka bahari hadi Ulaya, halafu inarudi Mandera."

"Mandera si hapo tu mbele! Barua gani haina akili hivyo?"

Hata hivyo alipofikiria, akaona kuna jambo. Ofisi ya shirika pale Mandera ilikuwa na mashine kama hiyo, na aliyekaa nayo alikuwa Idil, binti yake mwenyewe. Naye Idil kila Alhamisi alipanda gari kwenda Rhamu, mji wa pale pale kando ya mto Daua, kulala kwa mama yake. Na mama yake ni Weris.

Weris alikuwa mke wa Ogle kwa miaka thelathini na moja. Ukizihesabu siku walizokaa pamoja hazikuzidi miaka minne. Yeye alikaa Rhamu na shamba lake la vitunguu na mbuzi wake kumi na wawili. Ogle alikuja, akalala wiki mbili, akatengeneza paa, akaanza kuangalia barabara. Kati ya kuja na kuja kulikuwa na salamu tu, kwa njia ya taar.

Taar ni kile kibanda chenye redio ya betri kilichokuwa katika kila mji wa kaskazini. Unamwambia mwenye taar wa Wajir, anamwita mwenzake wa Rhamu, yeye anatuma mtu kumwita unayemtaka, na mnaongea, huku kila aliyewasha redio yake kuanzia Garissa hadi ng'ambo ya mpaka anasikiliza. Kwa hiyo hakuna aliyesema kitu hewani. Mke wa mtu hatajwi jina. Ugonjwa hautajwi. Mauti ndiyo kabisa; mtu aliye safarini haambiwi msiba, asije akapindua gari. Anaambiwa njoo, na akifika, akizima injini, ndipo anaambiwa. Ogle aliyajua haya kama alivyojua gia zake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Abdinoor jambo moja zaidi: mwenye taar haachi redio yake. Akikutaka atatuma mtu akuite. Ukiona amefunga kibanda amekuja kwa miguu yake mwenyewe, usimuulize swali, funga mizigo.

Basi Ogle akaandika barua ya kwanza kwa kidole kimoja. Shule aliisoma vipande vipande, mwaka mmoja Wajir, mwaka mmoja Isiolo, mengine kwenye mabango ya barabarani, na kusoma alijua Kiswahili tu. Ilimchukua jioni nzima. *Weris, mimi ni mzima. Tuko Modogashe. Nyumba yangu sasa ina jiko na pazia.*

Jibu lilikuja Jumamosi, saa kumi. Weris hakujua kusoma. Alisema, Idil akaandika kwenye daftari, akarudi Mandera, akapiga chapa neno kwa neno kama alivyoagizwa.

*Ewe mume wa magurudumu. Aqal hujengwa na mwanamke, hata mtoto anajua. Yako ilijengwa na mafundi, basi kaolewe nao. Pazia la rangi gani? Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Maji ya huko yana ladha gani?*

Ogle alicheka hadi akashika mbavu. Miaka thelathini na moja, na hakuwahi kujua kwamba mke wake ni mcheshi. Ama alijua zamani, akasahau.

Tangu hapo Jumamosi ikawa sikukuu. Kila Jumatano alituma, kila Jumamosi saa kumi alipokea. Alimwambia pazia ni la maua mekundu. Akajibiwa kwamba pazia jekundu ni la mwanamume anayetafuta mke wa pili, na kila atakayemwoa atampa gurudumu moja, *lakini lile la akiba ni langu, usinipe tena kidogo kuliko hapo.* Na kila barua, baada ya matusi na habari za mbuzi, ilimalizika kwa swali lile lile: maji ya huko yana ladha gani? Ogle akaanza kuonja kila kisima kwa makini kuliko injinia. Ya Habaswein yana chumvi kama machozi ya mtoto, aliandika. Ya kisima kipya yananuka kutu. Ya lambo hili yana ladha ya ngamia aliyetutangulia.

Aliacha kabisa kwenda kwenye taar. Ya nini? Vile vibanda vya kelele, mtu unapiga makelele "Unanisikia? Ova!" mji mzima ukisikiliza, na huwezi kusema lolote la maana. Yeye sasa alikuwa na mashine inayosema mambo wazi wazi. Weris akiumwa jino, alisema naumwa jino. Akikasirika, alisema nimekasirika.

Mwezi wa kumi mvua ikaanza. Wote walioishi kaskazini mwaka ule wanaijua ile mvua. Barabara zikawa mito na mito ikawa bahari, ngamia wakazama katika tope wakiwa wamesimama. Aqal ya magurudumu ilifika Wajir ikakwama. Wakaiegesha kwenye kiinuko nyuma ya soko, karibu na mgunga mmoja uliokuwa na tawi zuri la kurushia waya, wakangoja.

Barua ya Weris ya Jumamosi moja ilikuwa fupi. *Nina homa, lakini mbuzi ni wazima. Nimechoka kuolewa na barua. Maji ya huko yana ladha gani?* Ogle akamjibu kwamba safari hii ikiisha anamkabidhi Abdinoor ufunguo, anakuja kukaa, na ya Wajir yana ladha ya chokaa. Aliiandika kwa kidole kimoja, na alipomaliza lile neno "kukaa" alilitazama kitambo.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, Alio alitokea.

Alio alikuwa mwenye taar wa Wajir, mnene, mvivu wa kutembea, mtu ambaye angetuma watu wamletee hata chai kutoka mlango wa pili. Alikuja akiwa amekunja macawis yake, kikoi cha kiunoni, tope limempanda hadi magotini, kiatu kimoja mkononi, kingine kimebaki njiani.

"Ogle," alisema akihema, "ndege ya chakula cha mafuriko inaondoka saa nane. Inashuka Rhamu. Nimeongea na rubani, amekubali ukae juu ya magunia."

Ogle alikuwa akipangusa kioo. Aliutazama ule mguu wa Alio usio na kiatu.

"Rhamu? Nani amesema niende Rhamu?"

"Shemeji yako Mowlid alikuja kwenye taar asubuhi. Amesema njoo nyumbani."

"Kuna nini?"

"Nimeambiwa niseme uje. Sikuambiwa zaidi, walaal, ndugu yangu."

Abdinoor alitoa kichwa dirishani. "Nenda, adeer. Mimi nitabaki na gari."

"Na waya utaurusha wewe? Wewe unarusha jiwe kama bi harusi." Ogle alicheka, lakini peke yake. Akaendelea kupangusa mahali palipokwisha takata. "Leo ni Jumamosi. Barua yake inakuja saa kumi. Kama kuna jambo ataniambia mwenyewe, huyo mwanamke hafichi kitu siku hizi. Nikipanda ndege saa nane, barua inafika hapa nami sipo. Nitakuwa hewani juu ya magunia bila kujua lolote. Acha niisome kwanza. Kesho kuna ndege nyingine."

"Ogle," Alio alisema, "nimekuja kwa miguu."

"Naona. Pole kwa kiatu."

Neno Alio alilopewa kubeba alikwisha litua, na kuliongezea halikuwa lake. Akarudi alikotoka, akitafuta kiatu chake kwenye tope kwa kijiti.

Saa nane ndege ilipita juu ya soko, chini chini, ikaenda kaskazini. Ogle hakuinua uso. Saa kumi alirusha waya, jiwe likakaa mara ya kwanza, likakaa vizuri. Mashine ikalia, ikatulia, ikalia. Kulikuwa na barua nne za Abdinoor kutoka Nairobi. Ya Weris haikuwepo.

"Ni mvua," Ogle alisema. "Barabara ya Rhamu kwenda Mandera imekatika, Idil hajapita."

"Bila shaka," Abdinoor alisema.

Jumapili uwanja wa ndege ulikuwa ziwa, bata wanaogelea. Ogle alikwenda kwenye taar, mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, Alio akamwita Rhamu, na sauti ya Mowlid ikaja ikikwaruza kama inatoka ndani ya pipa: "Nyumbani ni amani. Njoo tu. Ova." Yale ni maneno yanayosemwa hewani kila siku, kwa kila mtu, kwa kila sababu. Ogle alilishika lile la amani akaenda nalo. Lile la njoo tu aliliacha kibandani.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, saa kumi, barua ikaingia.

*Mume wangu mpendwa. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Usijisumbue kwa haraka, barabara ni mbaya. Nakuombea dua kila siku. Umekuwa mume mwema kwangu. Uje polepole.*

Ogle aliisoma mara tatu, kisha akaisoma kwa sauti. "Umesikia, Abdinoor? Mume mwema! Nimemwambia nakuja kukaa, na ona, amekuwa asali. Kumbe alichotaka ni hilo neno moja tu."

Katika mkupuo ule ule wa barua kulikuwa na nyingine kutoka Mandera, ya Kiingereza, imeandikiwa injinia. Abdinoor alikuwa ameisoma kabla hajamwachia mzee kiti. Sasa alikuwa amempa mgongo, anawasha jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

"Nimesikia, adeer," alisema. "Mvua imepungua. Nadhani kesho tuanze kwenda Rhamu. Visima vingine vitangoja."

Safari iliyokuwa ya siku mbili iliwachukua wiki tatu. Walichimba gari, walikata miti wakailaza chini ya magurudumu, walingoja malambo yapungue. Na kila mahali watu walikuwa wema. Polisi wa kizuizini, ambao kwa kawaida hawaachi kitu, waliinua ubao kabla gari halijasimama. Huko El Wak kulikuwa na Ramlo wa hoteli ya chai, mwanamke aliyegombana na Ogle miaka kumi na tano juu ya vikombe alivyovunja. Safari hii alimletea chai ya maziwa ya ngamia bila kuitishwa, akasimama kando, akajifuta macho kwa shungi lake.

"Una nini leo, Ramlo? Umesahau matusi?"

"Ni moshi, Ogle. Kuni zimelowa. Kunywa."

"Hata huyu," Ogle alimwambia Abdinoor barabarani. "Uzee unawalainisha wanawake wote kwa mpigo."

Kila Jumamosi alirusha waya, na kila Jumamosi kulikuwa na barua laini. *Mume wangu mpendwa. Mungu akulinde njiani.* Hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na magurudumu. Aliziweka kifuani ndani ya mfuko wa shati. Usiulize kama kuna sehemu ya moyo wake iliyohesabu barua nne bila swali la maji. Kama ilihesabu, hakuisikiliza. Yeye mwenyewe aliendelea kujibu swali ambalo hakuulizwa: ya El Wak yana ladha ya mawe, Weris.

Walifika Rhamu mchana wa jua kali. Ogle alipiga honi kuanzia mgomba wa kwanza wa mashamba ya mtoni, kama alivyofanya miaka yote. Alipokunja kona ya nyumbani aliwaona wanaume, saba au wanane, wamesimama mbele ya ua wamejipanga. Hakuna aliyepunga mkono. Mowlid, kaka yake Weris, alikuja hadi mlango wa dereva, akapitisha mkono dirishani, akauweka juu ya ufunguo.

"Zima gari kwanza," alisema.

Ogle hakuzima. Aliitazama mikono miwili juu ya ufunguo mmoja. Injini iliendelea kunguruma, na kwa muda ule wote ilipokuwa ikinguruma alikuwa bado mtu aliye safarini, na mtu aliye safarini haambiwi. Mtu angeweza kukaa hivyo. Dizeli ilikuwepo.

Mowlid ndiye aliyezima.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," alisema. "Ni homa, ilimpanda kichwani. Tumemzika pale juu, kwa mama yake."

"Lini?"

"Jumatatu. Mwezi sasa umepita na siku tano."

Ogle alihesabu kwa vidole vya dereva, kurudi nyuma, mji kwa mji: Rhamu, El Wak, Wajir. Jumatatu. Jumapili bata. Jumamosi.

"Jumamosi alikuwa hai," alisema.

Mowlid akatazama chini. "Alikuwa hai, na akili zake. Tulisikia ndege ikishuka. Alituambia tumtandikie nje, akuone ukiingia."

Idil alikuja kwa baba yake alasiri, wanaume walipokwisha soma dua na kutawanyika. Alikuwa na daftari mkononi. Hakukaa kwenye mkeka. Alikaa chini kwenye vumbi, mbele ya miguu yake.

"Zile barua ni mimi, aabo," alisema. "Zote nne. Ulikuwa njiani na tope lile. Niliogopa."

"Naam."

"Nilijaribu kukutukana kama yeye alivyokutukana. Mkono ulikataa. Nitamtungiaje marehemu matusi?"

"Naam," Ogle alisema tena. "Ulifanya linalofanywa. Sina neno nawe, mama." Akakohoa. "Alio alikuja kwa miguu, Idil. Kiatu kimoja. Nilijua. Nilimwona anakuja toka mbali nikajua, halafu nikakaa ningoje barua."

Binti alifungua daftari ukurasa wa mwisho wenye maandishi. "Haya alisema Ijumaa ile. Nilikuwa niyapeleke Mandera Jumamosi, barabara ikakatika. Nikusomee?"

"Nipe."

Alisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno.

*Ewe mume wa magurudumu. Idil anasema niandike nina homa kali, lakini hilo utaliona ukifika. Kesho namtuma Mowlid kwenye taar, kwa sababu mashine yako inapita Ulaya na mimi sina muda wa Ulaya. Njoo na ndege. Njoo hata juu ya punda. Ukija usilete pazia. Maji ya huko yana ladha gani?*

Jua lilikuwa limeinama upande wa mto. Huko kwenye gari Abdinoor alikuwa akihangaika na waya. Jiwe lilipanda likaanguka, likapanda likaanguka. Ilikuwa karibu saa kumi. Alipofanikiwa, kile kilio kikasikika hadi uani, kikatulia, kikalia tena. Ogle hakugeuka.

Alichukua kikombe cha bati, akashuka hadi mto Daua, akachota, akapanda nacho kilimani bila kumwaga, hadi kwenye kaburi ambalo mvua ilikuwa imekwisha lilainisha kingo. Akachuchumaa. Akanywa kidogo, akayashikilia mdomoni kama alivyofanya Modogashe, Habaswein, Wajir, El Wak. Akayameza. Akanywa tena.

"Ya hapa sijui, Weris," alisema hatimaye. "Sijawahi kukaa nikayazoea."